Eda ya Chausiku binti Feruzi

Mwezi uliopita tulikwenda Kilindoni, mimi na mdogo wangu Saidi, kuandikisha kifo cha baba yetu. Karani, kijana mpole mwenye kompyuta iliyokuwa ikizimika kila akishika kasi, aliuliza jina la marehemu, umri, kazi, mahali alipozaliwa, na Saidi akawa anajibu yote chapuchapu. Lilipofika swali la jina la mama wa marehemu, nikaona midomo ya Saidi inajiandaa kusema Zuhura. Nikamtangulia. "Andika Chausiku binti Feruzi," nikasema, tena nikamtajia herufi mojamoja. Saidi alinitolea macho kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Yeye alikulia Dar es Salaam kwa mjomba, Mafia alikuja likizo na kuondoka, na kila mmoja wetu alidhani mwingine amekwishamwambia. Tulipofika nyumbani Utende aliniuliza swali moja tu: "Dada, yule bibi wa uani?" Nikamwambia ndiye huyohuyo. Basi haya nayaandika kwa ajili yake, maana nilipojaribu kumweleza kwa mdomo nililia katikati ya habari, na mimi sipendi kulia mbele ya mtu niliyekuwa nikimwogesha kwenye beseni.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule ambao hifadhi ya bahari bado ilikuwa jambo jipya kwetu, watu wa Jibondo wanakuja mikutanoni na hasira zao, na akina mama wa mwani wanaulizana kama nao watapimiwa maji ya kusimama. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimepata kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya hifadhi, na kwa kuwa Baba alikuwa mwalimu kule Kanga, mbali na kazi yangu, nikahamia kwa Bibi Zuhura hapo Utende. Mchana nilichapa habari za matumbawe na za mashimo ya mayai ya kasa, kila shimo na namba yake, na jioni nilirudi kwenye nyumba ambayo hakuna aliyetaja nani kamzaa nani. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya mbele, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza, na kitanda cha Bibi Zuhura kirefu kiasi kwamba alikipanda kwa kigoda. Nyuma kulikuwa na ua, jiko la makuti, na chumba kimoja cha udongo chenye mlango mfupi. Humo ndimo alimoishi Chausiku.

Chausiku alikuwa mzee kumpita Bibi Zuhura, mwembamba, mweusi tii, na vidole vyake vilikuwa vigumu hata aliweza kugeuza kaa la moto bila koleo. Alikuna nazi, alipika, alifua, alichota maji. Tulikula wali wa nazi na samaki wa chukuchuku kwenye sinia, mimi na Bibi Zuhura na mgeni yeyote aliyekuwepo, na Chausiku alikula baadaye, kwenye chungu, akikwangua ukoko, ameupa mgongo mlango wa jikoni. Kila mtu alimwita Chausiku, kavukavu, hata watoto wa jirani ambao wangechapwa viboko wangemwita hivyo mtu mwingine wa umri ule. Hakuna aliyempa shikamoo. Nilikuwa nikijipaka poda asubuhi mbele ya kioo na kusema kwa sauti, "Chausiku, maji yangu yako wapi?" na yule mzee anakuja na ndoo, anaitua, anasema, "Haya hapa, mwanangu." Nikiwauliza watu wazima yeye ni nani, walisema ni mtu wa nyumba. Maana yake kila mtu aliijua, na hakuna aliyeitaja: babu zake waliletwa kisiwani kulima mashamba ya minazi ya wenzao, bila hiari yao. Mambo ya zamani sana, wakasema, kisha wakampa vyombo aoshe.

Siku moja ikafika barua. Kilikuwa chama cha askari wa zamani, huko bara, kinatafuta wajane wa wale waliopigana Bama, huko Asia, katika vita vya pili, wapewe nishani za waume zao ambazo hazikuwahi kuchukuliwa. Ilikuja na fomu. Ilitaka namba ya askari, jina la mke kama lilivyoandikwa jeshini, na kumbukumbu ya kifo cha askari huyo. Bibi Zuhura alifurahi mpaka akavaa miwani ya marehemu kaka yake, ambayo haikumsaidia kitu. Akanipeleka chumbani, akavuta mkebe wa bati uvunguni mwa kile kitanda, na ndani ya mkebe, ndani ya kitambaa cha hariri kilichonukia udi, akatoa kitabu kidogo cha rangi ya kahawia. "Kitabu cha Keya, jeshi la Mwingereza, cha babu yako," akasema. "Nimekitunza mie mwenyewe. Kila Ramadhani nakifukiza." Bibi Zuhura aliisoma Kurani vizuri kuliko wanaume wengi wa mtaani, lakini herufi za kizungu hazijui hata moja. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Miaka yote hiyo alikuwa amekifukiza kitabu ambacho hakujua kinasema nini.

Nilikaa sebuleni nikakifungua kwa uangalifu, karatasi zilikuwa zinakatika. Jina la Babu, Shomari bin Makame, namba, urefu, kovu kwenye bega. Ukurasa uliofuata, kwa wino uliofifia, palikuwa na nafasi ya ndugu wa karibu. Wakati huo Bibi Zuhura alikuwa mlangoni anamwambia jirani yake, Bi Mwanahawa, kwamba sasa ataitwa Kilindoni kwa heshima, na Chausiku alikuwa uani anatwanga. Mimi nikasoma: mke, Chausiku binti Feruzi, Utende. Mtoto mmoja, wa kiume, Hamisi. Nilisoma mara ya pili, ya tatu. Hamisi ni baba yangu. Nilisikia mchi ule wa uani ukiendelea, du, du, du, na sikuweza kuinua uso. Kilichonitia kichaa ni kwamba habari zote nilikuwa nazo tangu utotoni. Bibi Zuhura mwenyewe husema aliolewa Babu aliporudi na kofia yake ya Keya. Baba naye husema alizaliwa wakati wa vita, nguo zilipoadimika mpaka watu wakavaa magunia. Nilizisikia hadithi hizo mbili kila sikukuu, sinia moja, meza moja, na sikuwahi kuziweka pamoja. Si mimi peke yangu. Ukoo mzima uliikalia siri hiyo ukala pilau.

"Umekuwaje, umeona jini?" Bibi Zuhura akaniuliza. Nikasema wino umefifia, nitakwenda Kilindoni kutafuta cheti cha kifo. Nilidanganya kwa sababu niliogopa, na kwa sababu bado nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba karani wa jeshi alikosea. Makarani hukosea, mimi mwenyewe nilishawahi kuchapa mkutano wa Jibondo nikauhamishia Chole.

Kilindoni alikuwepo Bwana Mtui, karani wa vizazi na vifo, mtu wa Moshi, mnene, mwenye tabia ya kula karanga juu ya madaftari ya serikali. Watu wetu walikuwa hawaandikishi vifo, mtu akifa alizikwa siku ileile na habari ikaishia hapo, lakini Babu alifia hospitali, kwa hiyo niliambiwa huenda yumo. Tulifungua madaftari mpaka mikono ikawa myeusi. Ni yeye Bwana Mtui aliyempata. "Shomari Makame, mvuvi, askari wa zamani, homa ya mapafu," akasoma. Kisha akaweka kidole mwisho wa mstari. "Na hapa ndipo penye mali yako, dada. Mtoa taarifa. Chausiku binti Feruzi, mke, alikuwepo wakati wa kifo. Dole gumba lake hili." Lilikuwepo, doa la wino wa zambarau, mistari yake bado inaonekana. Nikamwonyesha na kitabu cha Babu, nikamwuliza, hakuna mke mwingine? Akaangalia tena kwa wema wake. "Mwenye kutoa taarifa ndiye aliyekuwepo. Jeshini mke huyu, hospitali mke huyu. Hakumwacha, basi. Sasa mbona unalia? Si umepata ulichotaka?" Yeye ni mtu wa bara, hakujua jina Feruzi, jina la watu walioletwa, linamwambia nini mtu wa Utende. Nilimwonea wivu. Alininakilia mstari ule kwa mkono wake, akagonga muhuri, akanifungia karanga za njiani.

Sikurudi Utende. Nilipanda gari la kwenda Kanga. Baba alikuwa kibarazani anasahihisha madaftari ya darasa la sita, kikombe cha chai ya tangawizi kando, na mama alikuwa ndani anachambua mchele. Nikamwekea karatasi juu ya madaftari, bila salamu. Alisoma polepole, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Nilikuwa nimejitayarisha kumshika akianguka. Nilikuwa nimepanga na maneno ya kumpoza. Akasema, "Nilijua."

Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu jandoni, mvulana mmoja mkubwa alimzomea mbele ya wenzake, akarudi nyumbani akamwuliza Mama, yaani Zuhura, na Zuhura akalia siku mbili, hali, hanywi. "Nikamwahidi sitauliza tena," akasema. "Sikuuliza." Nikamwambia, Baba, yule mzee ananichotea maji ya kuoga. Akasema anajua. Nikamwambia, anakula ukoko. Akasema, "Kila Idi nampelekea kanga." Nilimtazama mwalimu huyo, mtu aliyewafundisha watoto wa kisiwa kizima kusema kweli, aliyenichapa mimi kwa uongo wa kipande cha sukari guru, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikaona aibu kuwa mtoto wake. Nikamwambia hivyohivyo. Mama akatoka na ungo mkononi, akasimama. Baba hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alichukua kalamu yake nyekundu akaendelea kusahihisha, na nikaona anaweka alama ya kosa kwenye jibu lililokuwa sahihi.

Nilirudi Utende asubuhi ya pili. Bibi Zuhura alikuwa ametoka kwenda kwa jirani. Nikaenda moja kwa moja jikoni. Chausiku alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga anachochea kuni, kisamvu kinatokota. "Shikamoo, bibi," nikasema. Alinigeukia. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Una homa?" akauliza. Nikakaa chini kwenye majivu na sketi yangu ya kazini, nikamsomea kitabu cha Babu na ile nakala ya Kilindoni. Hakushangaa kwamba alikuwa mke, hilo alilijua. Alishangaa kwamba lipo kwenye karatasi. Akaniomba nimwonyeshe jina lake ni lipi, na alama ya dole ni ipi. Nikamwambia ile yenye dole iko kwenye daftari Kilindoni, hii ni nakala.

"Bi Zuhura hakuwa akitoka siku hizo," akaanza kusema, macho kwenye moto. "Mwanamke wa heshima hatoki. Nikatumwa mie kumuuguza. Masiku matatu. Alipokata roho, akaja karani mwenye kaptura, akaniuliza, weye nani wake? Nikaangalia huku na huku, hakuna mtu wa kwetu. Nikasema, mkewe. Akaandika. Hakucheka." Nikamwuliza kwa nini miaka yote hakusema. Akasema wakwe zake walimwambia, bwana alipokuwa bado vitani, mtoto atalelewa mbele na mwanamke wa mbele, na yeye akitaka kumwona atamwona akiwa jikoni. Akitaka kubisha, njia ya kutoka iko pale. "Basi nikakaa jikoni. Nimemwona kila siku mpaka alipooa. Ungefanyaje weye?"

Hatukumsikia Bibi Zuhura akiingia. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua, buibui limemteleza mabegani. "Alimwacha!" akapiga kelele. "Alimwacha kabla ya kunioa mie, waliniambia!" Nikamwambia, Bibi, kitabu ulichokuwa ukikifukiza na daftari la serikali vyote vinasema hakumwacha. Alinirukia, nikadhani atanipiga. Alichukua ile karatasi akaitazama juu chini, herufi asizozijua, akaniuliza jina liko wapi. Nikamwonyesha. Akakaa juu ya kinu. "Nilikuwa na miaka kumi na sita," akasema kwa sauti ndogo. "Nikaletewa mtoto anatembea, nikaambiwa, huyu wako sasa. Mie nilijua nini?" Kisamvu kikaanza kuungua, na kwa mara ya kwanza tangu niijue nyumba ile Chausiku hakukimbilia chungu. Alisimama, akajipangusa mikono, akasema, "Alipokufa, weye ulikaa eda, Bi Zuhura. Miezi minne na siku kumi. Nani alikupikia?"

Bibi Zuhura alilivuta buibui lake akajifunika kichwa.

"Mie sikukaa," Chausiku akasema. "Sasa nakaa."

Akaingia chumbani mwake, akafunga mlango. Mimi na Bibi Zuhura tulibaki tunatazamana kama wezi. Nilidhani ni hasira ya siku moja. Kesho yake ndoo zilikuwa tupu, moto haukuwashwa, na kutoka ndani akaniita nimpelekee shuka jeupe, maana yeye hana. Habari ilienea Utende nzima kabla ya adhuhuri. Mwalimu wa madrasa alikuja akasimama mbali na mlango, akaeleza kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, hata mke akiwa hana habari, na hii imekwisha zamani. Chausiku akamjibu kutoka ndani, "Ahsante, sharifu. Mungu anajua imekwisha. Watu ndio hawajui kuwa ilianza." Yule mwalimu akaomba dua na kwenda zake. Akina mama wa jirani, ambao jana walimwita jina kavukavu, hawakujua la kufanya isipokuwa lile wanalolifanya kwa kila mjane: wakaanza kuja na sahani zilizofunikwa, wakikaa kwenye mkeka wake, wakimpa pole ya mume aliyekufa kabla baadhi yao hawajazaliwa. Wengine walikuja kwa umbea tu. Lakini walimpa pole.

Na Bibi Zuhura akapika. Wali wa kwanza ulikuwa bokoboko, wa pili ulikuwa mbichi katikati. Alikuwa hajashika mwiko tangu ujana wake, vidole vilimwungua, alitukana kuni. Mimi nilichota maji. Siku ya nne alibeba sahani mwenyewe mpaka kwenye mlango mfupi, akasimama muda mrefu, akaiweka chini, akabisha, akarudi mbio kabla haijafunguliwa. Fomu niliijaza kwa mashine ya ofisini, jina la mke Chausiku binti Feruzi, nikaambatanisha nakala, nikaituma. Nilipomwambia habari ya nishani alicheka. "Chuma hicho nikivae wapi, mjukuu wangu?" Hakikuwa hicho alichokikalia mle ndani. Alichokitaka hakukitaja hata mara moja, lakini kila gari la Kanga lilipopita barabarani alinyamaza akisikiliza kama litasimama, na halikusimama. Wiki zilipita. Nilimwandikia Baba barua mbili, sikupata jibu. Nilianza kumchukia.

Alikuja Ijumaa moja baada ya sala, eda ikiwa imevuka nusu. Uani kulikuwa na wanawake saba au wanane, Bi Mwanahawa akiwa ndiye mkubwa wao, wanakuna nazi na kuzungumza. Baba alivaa kanzu. Alimpa Bibi Zuhura shikamoo pale jikoni, naye akamwitikia marahaba. Kisha badala ya kukaa kwenye kiti alichowekewa, akaelekea kwenye chumba cha udongo. Bi Mwanahawa akanyoosha mkono kumzuia, si kwa ubaya, ni sheria tu, angemwambia hivyo mwanamume yeyote. "Mwalimu, humo mna mtu wa eda. Mwanamume haingii, ila maharimu wake, ndugu wa damu." Mbuzi zote za nazi zikanyamaza. Kila mwanamke pale alijua kwamba angeweza kusema nitangoja nje, angeweza kutoa salamu mlangoni, akaondoka na heshima yake yote, mwalimu Hamisi mwana wa Bi Zuhura. Akainama, akavua viatu, akaviweka sawasawa kando ya kizingiti. "Mimi maharimu wake," akasema, kwa sauti ileile ya darasani, wote wakasikia. "Mimi ndiye mtoto aliyemzaa." Nyuma yangu kitu kilianguka, nadhani ni mwiko wa Bibi Zuhura, sikugeuka.

Mimi nilitangulia kuingia, nimebeba uji wa Chausiku. Mlango ulipotiwa giza na mwili wa mwanamume, Chausiku alivuta shuka haraka akajifunika uso wote, kama alivyozoea kujifunika kwa kila mwanamume aliyeingia nyumba ile, Baba akiwemo. Baba alipiga magoti kwenye mkeka. Alitaka kusema kitu, midomo ikacheza, hakuna kilichotoka isipokuwa kilio, kilio kibaya cha mtu asiyejua kulia. Chini ya shuka hakuna kilichotikisika kwa muda mrefu mpaka nikaogopa. "Mfungie mlango," hatimaye Chausiku akaniambia kutoka ndani ya shuka. "Wasimwone analia."

Nikatoka, nikaufunga kwa nje. Kabla haujafungika sawasawa nilimwona Chausiku amekwishalishusha shuka usoni.